Kupanga Kazi ya Kiwanda kwa Kompyuta: Historia Yake, na Jinsi Inavyomhusu Mkulima wa Kahawa

Katika kitabu cha ukumbusho kama hiki ni desturi kuwataja waasisi, kuhesabu magunia na kuwashukuru waliotutangulia. Mambo hayo yana kurasa zake. Hapa tumekusudia kueleza historia ya jambo ambalo wanachama wengi hulisikia likitajwa mikutanoni bila kusimuliwa asili yake, nalo ni namna binadamu alivyoifundisha kompyuta kupanga kazi za kiwanda. Pengine mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya wataalamu, na mkulima yamhusu nini? Tunamwomba asome hata mwisho, maana ataona ya kuwa hesabu inayofanywa na mashine kiwandani huanzia penye mizani ya chama chake cha msingi.

Kati ya Kichanja na Mnada

Mkulima wa Maruku, Katerero, Kamachumu au Nshamba akisha kuichuma kahawa yake na kuianika hata ikakauka, huipeleka chamani ikiwa bado ndani ya maganda. Karani huipima, huiandika kitabuni, na kumpa mkulima stakabadhi. Mkulima hurudi nyumbani kungoja fedha zake.

Lakini kahawa ya maganda bado haijafaa kwa mkaangaji wa ng'ambo. Sharti ifike kiwandani, ipimwe unyevu, ikobolewe, ipepetwe, ichekechwe kwa ukubwa wa punje, na mbovu zitolewe. Kisha itiwe katika magunia ya kilo 60, kila daraja mahali pake. Kila hatua ina mashine yake, na kila mashine ina kadiri yake. Mashine ya kwanza ikienda kasi kuliko ya pili, kahawa hurundikana katikati; ikienda polepole, watu wa pili hukaa bure na mshahara wao unahesabiwa.

Tuseme, kwa mfano tu, kiwanda chaweza kukoboa tani 40 za maganda kwa siku, na vyama vya msingi vimeandika tani 1,200. Kazi hiyo itakwisha kwa siku 30. Kahawa yetu ya maganda ikikobolewa hubaki yapata nusu ya uzito wake. Basi zitapatikana tani 600 za kahawa safi, yaani magunia 10,000. Hesabu hiyo hata mtoto wa shule aweza kuifanya. Lakini kiwanda hakipokei kahawa ya namna moja. Kuna robusta, kuna arabika, kuna kahawa ya kilimo hai isiyopaswa kuchanganywa na nyingine. Kila zinapobadilishwa, mashine husimamishwa ikasafishwa. Ikiwa kusafisha huchukua saa tatu, kiwanda kinachobadilisha mara kumi hupoteza saa 30, na kinachobadilisha mara mbili hupoteza saa sita. Kahawa ni ile ile na wafanyakazi ni wale wale; tofauti ya saa 24 imetoka katika mpango peke yake.

Ongeza sasa kwamba shehena moja imekuja na unyevu, lori moja limekwama njiani, umeme umekatika, na mnunuzi ataka daraja fulani kwa tarehe fulani. Mambo yakiwa mawili, mtu huyapanga kichwani. Yakiwa kumi, huhitaji karatasi. Yakiwa mia, na kila moja likiwagusa mengine, karatasi nayo hushindwa. Hapo ndipo ilipozaliwa haja ya mashine.

Hesabu ya Kurudi Nyuma

Asifikiri mtu kwamba akili ya kupanga ililetwa na mashine. Yeyote aliyepata kuandaa harusi katika nchi yetu anaijua. Mwenye shughuli haanzi kwa kuuliza, "Leo nifanye nini?" Huanza kwa siku yenyewe ya harusi, kisha huhesabu kurudi nyuma. Rubisi sharti iwe tayari siku hiyo. Basi ikamuliwe na kutiwa mtama kabla yake. Basi ndizi ziwe zimekwisha kuiva. Basi zikatwe na kuvundikwa siku kadhaa mbele. Huhesabu wageni, akapata mitungi. Huhesabu mitungi, akapata mikungu. Akikosea idadi ya wageni, kila hesabu inayofuata imekosewa pia.

Hesabu hiyo ya kurudi nyuma ndiyo iliyokuja kuandikwa katika programu za viwanda. Mtu mmoja aliyeieneza sana ni Joseph Orlicky wa kampuni ya IBM ya Marekani, aliyeishughulikia tangu miaka ya 1960 na kuitolea kitabu mwaka 1975. Kanuni yake ni kwamba kiwanda kisikisie kila kitu peke yake. Kijue bidhaa itakayotakiwa na siku yake, kisha mashine ihesabu kila kinachohitajika, kiasi gani, na lini kianze kushughulikiwa.

Kabla yake lilikuwako swali jingine: kazi zikiwa nyingi na mashine chache, zigawanyweje ili hasara iwe ndogo kabisa? Mwaka 1939 Leonid Kantorovich wa Leningrad, aliyekuwa ameulizwa na watu wa kiwanda cha mbao jinsi ya kugawa kazi kwa mashine zao, alitoa njia ya hesabu ya kulijibu. Mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig, bila kuitegemea kazi hiyo, akapata njia yake ambayo kompyuta ziliweza kuifuata hatua kwa hatua. Kantorovich akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1975, pamoja na Tjalling Koopmans. Swali lao ndilo la meneja wetu anayeuliza ni kahawa ipi itangulie.

Kampuni ya Chai Iliyotengeneza Kompyuta

Watu wengi hudhani kwamba kompyuta ya kwanza ya biashara ilitoka katika benki au kiwanda cha chuma. Sivyo. Ilitoka kwa wauza chai na keki. Kampuni ya J. Lyons ya London ilikuwa na maduka mengi ya chai, na maduka hayo yaliletewa mikate na keki kutoka katika viwanda vyake. Faida ya kikombe kimoja ilikuwa ndogo mno, kwa hiyo gharama ya makarani wa kuhesabu vikombe ilikuwa jambo zito.

Mwaka 1947 maofisa wawili wa kampuni hiyo, Thomas Raymond Thompson na Oliver Standingford, walisafiri kwenda Marekani kutazama kazi za ofisi. Wakiwa huko walielezwa habari za mashine mpya za kuhesabu, tena wakaambiwa kwamba kule kwao Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Maurice Wilkes alikuwa akitengeneza moja. Kampuni ikatoa pauni 3,000 na mfanyakazi mmoja kusaidia kazi ya Cambridge, kisha ikatengeneza mashine yake yenyewe, ikaitwa LEO. Mwishoni mwa Novemba 1951 mashine hiyo ilianza kazi ya kila juma ya kukadiria thamani ya mikate na keki zilizotoka katika viwanda vya kampuni.

Miaka michache baadaye LEO ilipewa kazi kubwa zaidi. Kila duka lilikuwa na oda yake ya kawaida kwa kila siku ya juma. Msimamizi wa duka alitaja kwa simu mabadiliko tu, keki hizi ziongezwe, zile zipunguzwe. Mabadiliko hayo yalitobolewa katika kadi, kadi zikaingizwa katika mashine, na mashine ikatoa orodha ya vitu vya kutengenezwa na kupakiwa.

Yapo mambo mawili ya kuangaliwa hapo. La kwanza, mashine haikuja kuondoa fujo. Kampuni ilikwisha kuzitengeneza taratibu zake za ofisi kwa miaka mingi, na mashine ikakuta njia iliyofyekwa. La pili, mpango wote ulisimama juu ya neno la msimamizi wa duka. Alipotaja 20 badala ya 12, LEO haikuwa na njia ya kujua. Ilihesabu 20 kwa usahihi kamili, na keki nane zikachacha.

Mipango Isiyo na Mwenyewe

Sasa turudi kwetu. Buni ilijulikana Buhaya kabla ya wageni. Ilichemshwa, ikakaushwa, ikatafunwa, na mgeni alipewa kwa heshima. Ilipokuwa zao la kuuza, walitokea wengi wa kulipangia, nao hawakuwa wenye mashamba. Serikali ya kikoloni ilitunga kanuni za kutunza mikahawa, na mwaka 1937 watu wa Bukoba walizipinga kwa nguvu. Mafunzo ya mwaka ule yanafaa kukumbukwa na kila afisa: kanuni iliyotungwa ofisini, mwenye shamba akaambiwa atii tu, hupata maadui hata ingawa baadhi ya maneno yake ni mema.

Mwaka 1950 ikaandikishwa Bukoba Native Co-operative Union, iliyojulikana kwa herufi BNCU, ikaviunganisha vyama vya msingi. Mwaka uliofuata LEO ikaanza kazi London. Twaona basi kwamba ushirika wetu na kompyuta ya biashara ni watu wa rika moja. Zama zile kahawa ya Bukoba ilivuka ziwa hadi Kisumu, ikapanda reli hadi Mombasa. Kuipanga safari ya namna hiyo kwa kalamu na kitabu, huku meli ina siku yake na gari moshi lina siku yake, haikuwa kazi ndogo. Katika miaka ya 1960 mji wa Bukoba ukapata pia kiwanda cha TANICA, kinachoikaanga kahawa, kuisaga, kutoa maji yake na kuyakausha hata yakawa unga unaoyeyuka kikombeni. Hapo haja ya kupanga ikazidi, maana kiwanda cha namna hiyo kikikosa kahawa katikati ya kazi, husimama na gharama zake zote.

Mashine Ilipokuja Nchini Ikafukuzwa

Kompyuta ya kwanza katika Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ya kampuni ya ICT ya Uingereza. Kampuni hiyo mwaka 1968 iliunganishwa na kampuni iliyoirithi LEO, zikawa ICL. Kwa hiyo mashine ya Hazina yetu na mashine ya wauza chai wa London ziliingia katika ukoo mmoja.

Lakini mambo hayakwenda vema. Hesabu za Serikali zilipotiwa katika mashine, zilichafuka badala ya kunyooka. Wataalamu wa nchini walikuwa wachache mno, na waliotegemewa walikuwa wageni. Fedha za kigeni zilikwenda, na faida haikuonekana. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta, na televisheni pamoja nazo. Marufuku hiyo ilidumu miaka mingi, na ilipofika miaka ya 1990 ndipo njia ilipofunguliwa.

Miaka miwili baada ya marufuku, yaani 1976, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyoufungulia ushirika mlango wa kurudi. Na mwaka 1990 mkoa wetu ukawa na vyama vikuu viwili, KCU na kile cha Karagwe, KDCU. Basi katika miaka ile ile viwanda vya nchi nyingine vilipokuwa vikijifunza kupanga kwa kompyuta, sisi hatukuwa na mashine, na kwa muda hatukuwa hata na ushirika wa kuzitumia.

Tukiyapima hayo kwa haki, hatuwezi kusema kwamba mashine ilikuwa mbaya, wala kwamba walioizuia walikuwa wajinga. Kosa lilikuwa moja na lile la 1937: mpango uliletwa, na wenyewe hawakuufahamu. Kitu kisichofahamika na mwenyewe hakiwezi kusahihishwa naye. Kikiharibika, hubaki kukitupa tu.

Ubao wa Mwalimu na Lahajedwali

Wakati huo huo ulimwenguni mashine zilipungua ukubwa na bei. Mwaka 1978 Dan Bricklin, aliyekuwa akisoma biashara katika Chuo cha Harvard, Marekani, alimtazama mwalimu wake akijaza takwimu katika mistari ya ubao. Tarakimu moja ilipobadilika, mwalimu alilazimika kufuta na kuandika upya zote zilizoitegemea. Wenye viwanda nao walipanga kazi zao katika mbao za namna hiyo. Bricklin akafikiri juu ya ubao unaojisahihisha wenyewe, na mwaka 1979 yeye na Bob Frankston wakatoa programu ya VisiCalc. Huo ndio mwanzo wa kile kinachoitwa leo lahajedwali.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu lahajedwali ndilo lango la chama kidogo. Programu kubwa za kupanga viwanda ni ghali na hutaka watu waliofundishwa. Lakini karani aliyezoea kitabu cha mistari ataitambua lahajedwali mara moja, kwa kuwa ni kitabu kile kile, isipokuwa jumla hujisahihisha. Tena haikubaki katika lugha ya kigeni. Mwezi wa Desemba 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, na lahajedwali ilikuwa miongoni mwake. Hapana tena udhuru wa kusema kwamba mashine haijui lugha yetu.

Katika miaka ya 2020 jambo hili limefika mlangoni petu. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa kompyuta wa kusimamia vyama, uitwao MUVU, na kahawa ya Kagera imepigwa mnada kwa njia ya mtandao. Tarakimu iliyoandikwa asubuhi katika chama cha msingi yaweza kusomwa Dodoma au ng'ambo kabla ya jioni.

Mizani Ndiyo Mwanzo wa Mpango

Hapo ndipo penye faida, na hapo ndipo penye hatari. Turudie mfano wetu wa tani 1,200. Tuseme vitabu vya vyama vimezidisha sehemu moja ya kumi: pengine mizani haikupatana, pengine karani aliandika kahawa aliyoahidiwa kana kwamba amekwisha kuipokea. Kweli yenyewe ni tani 1,080. Kahawa safi itakuwa tani 540, yaani magunia 9,000. Lakini kompyuta imeambiwa 1,200, nayo imepanga magunia 10,000, imeagiza magari ya magunia 10,000, na mnunuzi ameahidiwa magunia 10,000. Elfu moja hayapo. Zamani kosa la namna hiyo lilikaa katika kitabu kimoja, na mkaguzi alilikuta huko huko. Sasa huenea katika mpango mzima kwa dakika moja, likiwa limevaa nguo safi ya chapa ya mashine, na watu huliamini kwa sababu limechapwa.

Yapo pia maradhi yetu ya siku nyingi. Butura ni moja. Mkulima mwenye shida akiiuza kahawa yake ingali maua mtini, jina lake limo katika orodha ya chama na mikahawa yake imehesabiwa katika makisio, lakini kahawa yenyewe ina mwenyewe mwingine. Magendo ni la pili, maana gunia lililovuka mpaka usiku halionekani katika hesabu yoyote. La tatu ni kahawa mbichi inayochanganywa na kavu ili uzito uzidi. Mpango umeihesabia siku moja kiwandani, nayo itataka kuanikwa tena. Hakuna programu iwezayo kuyaponya hayo. Yaponywa na bei ya haki, malipo yasiyokawia, na uaminifu wa pande zote mbili. Mkulima anayelipwa kwa wakati hana haja kubwa ya butura, na chama kisichokuwa na butura kina makisio yaliyo karibu na kweli. Basi malipo ya mapema ni fadhili kwa mkulima, na ni msingi wa mpango wa kiwanda vilevile.

Yanayotupasa

Kutokana na historia hii twaona mambo manne yanayowapasa maofisa na wanachama kuyashika.

Kwanza, programu isinunuliwe mpaka taratibu zenyewe ziwe zimenyooka. Wauza chai wa London walianza kwa kufagia nyumba. Pili, mashine mpya ifanye kazi msimu mzima sambamba na vitabu vya kalamu, na hitilafu zote zitafutiwe asili yake kabla ya kuiamini. Tatu, wawepo watu wa hapa hapa, vijana wetu wa kike na wa kiume, wanaoujua mpango ndani na nje, ili tusirudi katika hali ya Hazina kabla ya mwaka 1974. Nne, na hili ndilo kubwa, mpango wa kiwanda ubandikwe katika ubao wa kila chama cha msingi, kwa Kiswahili cha kawaida: kahawa ya chama hiki itakobolewa siku fulani, imehesabiwa kuwa kilo kadha wa kadha. Mkulima mwenye stakabadhi mkononi ataisoma, na kama haipatani na stakabadhi yake atauliza. Hapana mkaguzi aliye mkali kuliko mwenye mali.

Ndugu wanachama, ushirika ulianzishwa katika nchi hii kwa sababu wakulima walichoka kupangiwa. Itakuwa ajabu kubwa tukiisha kumwondoa mpangaji wa kwanza, tukajiweka chini ya mpangaji wa pili kwa sababu tu ana kioo na taa. Kompyuta ni mtumishi mwepesi, asiyechoka, asiyepokea rushwa. Lakini husema kile tu alichoambiwa. Tumwambie kweli, na kweli hiyo tuianze pale ambapo gunia hupandishwa mizanini, karani akiandika na mkulima akitazama.

Miembeni, Bukoba